Waya Unashuka Mchana

Mshonaji alikuwa na beseni la mashuka mabichi alipogundua kuwa waya umeshuka. Alikuwa amepanda ngazi za nje, zile za saruji zisizo na ukingo, aanike kwenye kibaraza cha juu mbele ya chumba cha mama mkwe wake. Lilikuwa jua lile la kumfanya mtu atembee akiangalia chini, na huenda asingeona kitu kama shuka moja lisingemponyoka likapepea, naye akalifuata kwa macho.

Nyaya tatu za umeme mkubwa zilipita juu ya nyumba yao, zikitoka nguzo ya barabarani kwenda nguzo iliyo nyuma ya kiwanda cha barafu. Asubuhi, wakati wa chai, alizoea kuziona zikikatiza juu ya dirisha la nyumba ya jirani. Sasa waya wa upande wao ulikatiza katikati ya dirisha lenyewe. Akadhani ni macho. Akasogea pembeni, akarudi, akasimama palepale alipozoea kusimama. Waya ulikuwa umelegea kama kamba iliyotundikwa blanketi bichi, na pale ulipolegea zaidi ndipo lilipokuwa bati la chumba cha mama.

"Mama," akaita kwa sauti ndogo, kana kwamba waya ungemsikia. "Upo ndani?"

"Nipo. Mlango umekaza tena. Usiuhangaikie, nitatoka jua likipoa."

Mlango huo ulikuwa wa chuma. Kila mchana ulipata moto ukatanuka, ukaing'ang'ania fremu yake, na jioni ukafunguka kwa kusukumwa na kidole. Walishauzoea. Walishazoea pia mabati ya chumba hicho, ambayo asubuhi jua likichomoza yalianza kulia tak, tak, tak, na magharibi yakilia tena yanapopoa. Mama mkwe alikuwa akisema kwamba hahitaji saa, ana paa.

Mshonaji hakuanika. Alilibeba beseni lake akateremka nalo, mgongo ukiwa ukutani, maji yakimchuruzikia miguuni.

Mumewe alirudi jioni. Alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Aliondoka kabla jua halijachomoza akarudi likiwa linazama, na koti lake lilinuka sabuni ambayo hakuwahi kuigusa. Alimsikiliza mkewe huku akivua viatu, kisha akapanda juu pekupeku kwenda kuangalia. Mshonaji alimfuata. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza, na nyaya zote tatu zilikuwa zimekaza, juu kabisa, zikikatiza juu ya dirisha la jirani kama kawaida.

"Uko wapi huo ulioshuka?"

"Mchana ulikuwa pale. Katikati ya kioo."

Dereva akacheka, si kwa ubaya. "Kwa hiyo siku hizi umeme nao unajilaza mchana. Wenye raha zao." Akapiga ukuta wa chumba kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. Chumba hicho alikijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, siku zake za mapumziko, wakati wenzake wako kwenye mpira. Alijifunza kuchanganya saruji ukubwani. Alikuwa akikitazama hivyo kila jioni kabla ya kuingia kula.

*

Kuanzia siku hiyo kazi ya Mshonaji ikaharibika. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, na kutoka pale hakuuona waya, ila aliusikia kwa mawazo. Ikifika mchana miguu ilimpeleka ngazini yenyewe. Alikaa ngazi ya juu, akauona ukishuka. Haukushuka kwa kuonekana. Ulikuwa kama mshale wa saa, ukiukodolea macho hausogei, ukigeuka na kurudi umeshasogea. Saa tano uligusa ukingo wa juu wa dirisha la jirani. Saa saba ulikuwa katikati. Siku zenye joto zaidi ulifika chini ya katikati, na hapo kati yake na bati ulibaki upenyo ambao hakutaka kuupima hata kwa jicho.

Mteja mmoja aliyekuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake alisimama mbele ya kioo, akainua mikono, akaishusha.

"Fundi, mkono wa kulia umeniwekea kushoto."

Wateja wengine wawili waliokuwa wakisubiri wakatazamana. Mshonaji aliomba radhi, akafumua, akashona upya, na mkono ukatoka mfupi. Mteja alilichukua gauni hivyohivyo, akasema atavaa mtandio juu yake, na hakurudi tena.

Jumapili Dereva alipanda juu na kikombe chake cha chai, akavuta kiti, akakaa chini ya nyaya mpaka adhuhuri. Mawingu yalikuwa yametanda. Kiwanda cha barafu kilikuwa kimefungwa, na karakana za kuchomelea zilizopakana nacho zilikuwa kimya. Nyaya hazikushuka hata upana wa mkono.

"Haya," akasema, akimpa mkewe kikombe kitupu. "Nimekaa. Nimeangalia. Sasa tupumzike na habari hii."

Mshonaji alikipokea kikombe, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Ndiyo siku aliyoanza kujiuliza kama kichwa chake kiko sawa.

*

Aliyemwondolea wasiwasi huo ni mama mkwe mwenyewe, ingawa si kwa namna aliyoitaka. Siku moja mchana alimpandishia uji. Mlango ulikuwa haujakaza bado. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kitanda chake cha mbao, miguu ameikunja, anachambua mchele kwenye sinia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye desturi ya kuweka vitu vyake vyote kwenye mfuko mmoja chini ya kitanda, ingawa mwanawe alimnunulia kabati.

"Usikae," akasema bila kuinua kichwa. "Najua ulichokuja kuangalia."

"Sijaja kuangalia kitu, Mama. Nimeleta uji."

"Mwanangu, unadhani sina masikio? Ikifika saa hizi waya unaanza kuvuma hapo juu. Kama nyuki walioko mbali. Siku nyingine nywele za mikono zinasimama." Akanyoosha mkono, akaupangusa. "Nimeanza kuusikia tangu joto lilipoanza."

"Kwa nini hukumwambia mwanao?"

"Nimwambie nini? Kwamba chumba alichonijengea ni kibaya?" Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. "Unajua nilikuwa nalala wapi kwa binti yangu. Jikoni, sakafuni, wote wakishamaliza kula na sakafu ikishaoshwa. Mkwe wangu akitaka maji ya kunywa usiku, ananiruka. Hasemi samahani wala hasemi pisha. Anainua mguu ananiruka, kama gunia. Hapa nina mlango. Nikitaka kuufunga naufunga."

"Lakini Mama, waya ukigusa hilo bati..."

"Haujagusa. Wewe nyamaza tu. Joto litapita, mvua zitakuja, utarudi juu wenyewe. Niahidi."

Mshonaji alisema ndiyo, kwa sababu macho ya yule mama yalikuwa yanaomba, na hakuwahi kuyaona yakiomba. Akateremka na bakuli la uji ambalo halikunywewa. Usingizi wa siku ile haukumjia, na asubuhi alifunga cherehani yake kwa kitambaa, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda ofisi za umeme.

*

Binti wa mapokezi alimsikiliza huku anapaka mafuta ya midomo.

"Umeme wako umekatika?"

"Haujakatika. Waya unashuka."

"Umedondoka?"

"Unashuka mchana, jioni unapanda."

Binti akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili. Nyuma ya Mshonaji mtu mmoja kwenye foleni akaguna kicheko. "Nyumba ni ya nani?" binti akauliza.

"Ya mume wangu."

"Basi mwambie mumeo aje."

Angeondoka hapo. Alishageuka. Lakini mwanamume mmoja mwenye fulana ya kazi, aliyekuwa akitafuta funguo zake kwenye kaunta, alimuuliza nyumba iko wapi. Alipomtajia kiwanda cha barafu, yule bwana aliacha kutafuta funguo.

Alikuja kesho yake asubuhi na mapema, akiwa na ufito mrefu usiopitisha umeme. Mshonaji alimwita Mkaguzi, na yeye hakumsahihisha. Alizunguka kibarazani, akainua ufito, akatazama nguzo ya huku na nguzo ya kule. Mama mkwe alibaki ndani, mlango nusu wazi, kimya kama hayupo.

"Sasa hivi uko juu," Mshonaji akasema haraka. "Najua uko juu. Lakini..."

"Sijasema unadanganya, mama. Waya unapata joto mara mbili. Jua linaupasha kwa nje, na umeme unaopita ndani yake unaupasha pia. Hao wa barafu wakiwasha mashine zote, karakana zinachomelea, na mtaa mzima umewasha feni, unapata moto hasa. Kitu cha chuma kikipata moto kinarefuka. Na huu umefungwa huku, umefungwa kule. Urefu ulioongezeka utaupeleka wapi? Unashuka."

Mshonaji karibu alie kwa faraja. "Kwa hiyo mtauvuta juu."

Mkaguzi akaulaza ufito wake chini. "Waya uko mahali pake. Ulikuwa hapa kabla ya hiki chumba. Chumba ndicho kimeufuata."

Alitoa kopo la rangi kwenye mkoba. Mshonaji alielewa kabla halijafunguliwa; nyumba za mtaa wa pili zilikuwa na alama hizo za kubomolewa. Akaona brashi ikipita mara mbili juu ya ukuta ambao mumewe huupiga kiganja kila jioni, mstari mwekundu huku, mstari mwekundu kule.

"Nisipoweka alama nitakuwa nimewaua," Mkaguzi akasema, kama anayejitetea. Alimpa namba yake ya simu. "Sikilizeni. Waya ukigusa bati siku yoyote, msiguse kitu. Si mlango, si ukuta, si mtu aliyeshika kitu. Na mkiona umeme umezimika, msikimbilie. Mara nyingi unajirudisha wenyewe."

Alipokwisha kuondoka, mlango wa chumba ulifungwa taratibu kutoka ndani.

*

Dereva aliiona alama kutoka barabarani. Aliingia akiwa bado na mkoba begani.

"Nani aliwaita?"

"Mimi."

Alisimama katikati ya vitambaa vya wateja, akatafuta pa kuweka mkoba wake, hakupaona. "Mtaa mzima umesimama pale nje. Yule mama wa jirani ananiuliza, shemeji, mtahama lini. Ungenizaba kofi mbele ya abiria wangu wote ningeona afadhali."

"Baba watoto, muulize Mama. Anausikia. Unavuma juu ya kichwa chake."

Wakapanda wote wawili. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, khanga ameifunga kifuani kwa mikono miwili. Mwanawe alimuuliza. Yeye alitazama sakafu, kisha akatazama nyaya, ambazo saa hiyo zilikuwa juu na zimetulia.

"Mimi sijasikia kitu chochote," akasema. "Mimi nalala vizuri."

Hakumwangalia Mshonaji, na Mshonaji hakumlaumu kwa mdomo. Lakini moyoni kitu kilikatika. Tangu jioni ile Dereva alipandisha sahani yake juu akala na mama yake. Chini Mshonaji alisikia vijiko vikigonga sahani na mazungumzo ya chini chini yakikoma kila alipokohoa. Watoto wao walikuwa shule ya bweni; nyumba nzima ilikuwa watu watatu, na mmoja wao hasemeshwi.

Hakuna aliyekuja kubomoa. Dereva alishasema hawatakuja, wanapaka rangi tu wapate cha kuandika kazini. Joto likaongezeka. Mabati yalianza kulia mapema zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi, maana misumari yake ilikuwa imelegea kwa bati kutanuka na kusinyaa kila siku ya Mungu. Kona moja, ile ya upande wa barabarani, ilikuwa inainuka kidogo upepo ukivuma. Mshonaji aliiona. Safari hii hakumwambia mtu. Alikaa na cherehani yake, mguu kwenye pedali, hashoni, anasikiliza.

*

Siku basi la kiwanda lilipopelekwa gereji, Dereva alibaki nyumbani. Alifagia uwanja ambao ulikuwa safi. Alirekebisha bawaba ambayo haikuwa na kasoro. Ilipokaribia saa saba Mshonaji alisimama mbele yake.

"Nina ombi moja. Njoo ukae nami pale ngazini. Sitasema neno. Ukiona kitu, umeona. Usipoona, nitaifuta ile alama kwa mikono yangu na sitakuletea tena habari hii mpaka nife."

Labda alikubali kwa kuwa amechoka kula juu. Walikaa ngazi ya mwisho, bega kwa bega, mara ya kwanza kwa siku nyingi kuwa karibu hivyo. Mama mkwe alikuwa amelala, mlango umekaza. Jua lilikuwa limepiga kila kitu kikawa cheupe. Kutoka kiwanda cha barafu mashine zilinguruma, na kwenye karakana cheche za kuchomelea zilionekana hata mchana ule.

Mwanzoni Dereva alitazama kwa uvivu. Kisha akaacha kuzungusha funguo zake kidoleni. Waya ulikuwa kwenye ukingo wa dirisha la jirani. Akakohoa, akatazama barabarani, akarudisha macho. Ulikuwa umeingia kwenye kioo. Mshonaji alitimiza ahadi yake, hakusema neno. Alisikia tu pumzi ya mumewe inabadilika, inakuwa fupi, kama ya mtu anayepanda mlima. Ule mvumo nao ukaanza, ule wa nyuki walio mbali.

"Siku zote?" Dereva akauliza kwa kunong'ona.

"Siku zote za kazi."

"Na Mama yumo ndani siku zote."

Alianza kuinuka. Rangi ya uso wake ilikuwa imekwisha. "Namtoa," akasema. "Namtoa sasa hivi, tutazungumza baadaye."

Ndipo upepo ulipokuja. Haukuwa mkubwa, ulikuwa ule wa mchana unaozungusha vumbi na karatasi. Ulipita barabarani, ukapanda ukuta, ukaingia chini ya ile kona ya bati. Bati likainuka kama ukope.

Mlio wake Mshonaji hakuweza kamwe kuueleza. Kitu kama nguo nzito inayochanwa, ila haikwishi kuchanwa. Mwanga wa buluu ulitembea juu ya paa. Misumari ikatema cheche, moja baada ya nyingine, na rangi ya mlango wa chuma ikaanza kufuka moshi pale fremu ilipoishika. Dereva aliruka kuelekea mlango. Mshonaji hakufikiri, alimdaka mkono kwa mikono yake miwili, akajirusha nyuma kwa uzito wake wote, wakaanguka ngazini.

"Niache. Mama yumo."

"Ukigusa mlango utakufa na yeye atabaki humo."

"Niache, mwanamke."

Dereva alimpiga kiwiko kifuani. Mshonaji hakumwacha. Alimkaza mpaka kucha zikazama kwenye nyama, akapaza sauti kuliko alivyowahi kupaza maishani mwake. "Mama, kaa kitandani. Usishuke. Usiguse mlango. Usiguse kitu. Kaa kitandani, Mama."

Bati lilishuka. Mlio ukakatika, na pamoja nao mashine za kiwanda cha barafu, feni, redio za mtaa mzima, vyote vikanyamaza kwa pamoja. Katika ukimya ule walisikia kitanda kikilia, mtu anajigeuza.

"Umezimika," Dereva akasema. "Umezimika, niachie."

"Unarudi. Alisema unarudi wenyewe."

Alimtazama mkewe kama mtu asiyemfahamu. Na walipokuwa wanatazamana hivyo, upepo ukainua bati tena, na buluu ikarudi, na ule mchaniko. Dereva akakaa chini juu ya ngazi, akafunika kichwa kwa mikono.

*

Mkaguzi alipokea simu haraka. Aliwaambia washuke, wasikae kwenye ngazi hizo, watembee hatua ndogo ndogo, nyayo zikigusana. Dereva hakutaka. Mshonaji ndiye aliyemkumbusha kuwa dirisha la jirani linatazamana na dirisha la chumba cha mama. Wakashuka kwa hatua hizo, na walipofika barabarani wakazunguka mbio, wakagonga kwa yule jirani aliyeuliza watahama lini. Aliwafungulia akiwa na khanga moja, akawapandisha mpaka chumbani kwake, juu ya kitanda ambacho hakijatandikwa, bila kuuliza lolote.

Kupitia dirisha walimwona. Alikuwa ameketi katikati ya kitanda chake, miguu ameikunja chini yake, mikono ameibana kifuani, mdogo kama mtoto wa shule. Moshi mwembamba ulikuwa umejaa upande wa mlango. Kila bati lilipoguswa, chumba kilikuwa cha buluu, na uso wake ukaonekana wote.

"Mama," Dereva akaita. Akaita tena. "Mama, tuko hapa. Wanakuja kuzima. Usishuke."

"Viatu vyangu viko chini," akasema yule mama. "Nivae viatu nitoke."

"Usivae. Achana na viatu."

"Ni sakafu tu."

"Mama, usiguse sakafu. Nitazame mimi. Nitazame tu."

Alimtazama. Walikaa hivyo, mama na mwana wanatazamana kupitia madirisha mawili, na kati yao waya. Dereva alizungumza mfululizo, mambo yasiyo na kichwa wala miguu: basi limeharibika gia, fundi wa gereji ni mlevi, watoto watafunga shule. Kila alipoishiwa, Mshonaji alimpa neno lingine. Kisha yule mama akasema kitu ambacho hawakukisikia, akakirudia.

"Nimejikojolea."

Dereva alifumba macho. Nyuma yao jirani akatoka chumbani, akarudishia mlango taratibu.

"Hata mimi, Mama," Mshonaji akasema. Haukuwa uongo wote. Gauni lake lilikuwa limelowa jasho mpaka mapajani na hakuwa na uhakika wa kitu chochote. "Hata mimi. Tutabadilisha nguo wote wawili."

Mafundi walifika wakakata umeme wa njia nzima, wakaufunga usirudi, na bado hawakuruhusu mtu apande mpaka walipotundika kwenye nyaya minyororo yao ya kupeleka umeme ardhini. Mlango ulikuwa umekaza kwa joto, mmoja wao akaupiga teke mara kadhaa. Mama mkwe alitoka akitembea mwenyewe, pekupeku, mfuko wake mkononi. Alikataa kushikwa. Alipofika chini aliwaomba mafundi radhi kwa kuwasumbua.

*

Mtaa ulikaa gizani mpaka jioni ya pili. Wa barafu walipoteza barafu yao, mwenye bucha akapita mlangoni kusema nyama imeharibika, na alisema kwa sauti ya kutosha kusikika ndani. Dereva alitoka akasimama mbele yake, akasema, "Kosa ni langu, nilijenga mimi." Mwenye bucha hakuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Alizunguka zunguka akaondoka.

Asubuhi, kabla umeme haujarudishwa na Mkaguzi akiwa amesimama chini, Dereva alipanda kung'oa mabati. Kila bati lilipotoa mlio aliliachia kwanza, kisha akalishika tena. Yalikuwa na matundu meusi pale cheche zilipopita, mengine makubwa kiasi cha kupitisha kidole. Alianza matofali, akayashusha moja moja.

Mshonaji alipotoka na chai alimkuta mama mkwe ameketi kibarazani kwenye mlango wa mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la safari, amefunga kitambaa, mfuko uko magotini. Viatu amevaa.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Namsubiri amalize hapo juu. Anisindikize kwa dada yake kabla jua halijawa kali."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo. Alikuwa amejiambia mwenyewe, na alikuwa anatetemeka kidevu, ingawa aliushikilia mfuko kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesubiri basi. Mshonaji aliona kuwa hofu hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya jana. Jana yule mama alikaa kitandani akasikiliza alichoambiwa. Leo hakuwa akisikiliza chochote.

Akaweka chai chini. Akakumbuka sentensi ile, sijasikia kitu chochote, nalala vizuri, na ikamchoma upya, na akaiacha imchome. Kisha akainama, akauchukua mfuko kutoka magotini. Yule mama aliung'ang'ania kidogo, halafu akauachia.

"Cherehani itakuja hapa kibarazani," Mshonaji akasema. "Chumba cha mbele kitakuwa chako. Kina mlango. Ufunguo unageuka kwa ndani."

"Na wateja wako watakaa wapi?"

"Watasimama."

"Mvua ikinyesha?"

"Mama, mvua ikinyesha tutajua."

Alipita naye mlangoni, mfuko mkononi, na kuanza kukunja vitambaa vya watu juu ya kiti ili kupatikane nafasi ya kitanda. Mama mkwe alibaki amesimama katikati ya chumba, hajui ashike nini. Baada ya muda akainama, akaanza kuokota pini zilizoanguka sakafuni, moja moja, akizichoma kwenye khanga yake ili zisipotee. Nje matofali yaliendelea kushuka.